Siku Mama Alipowafuata Watembeaji

Jirani yangu hapa Bakoba, mtaa wa Bukoba mjini, huvimba miguu. Jioni anachemsha majani ya mkaratusi na chumvi, anamimina kwenye beseni, anakaa barazani na kutumbukiza miguu yake humo. Harufu inavuka ukuta na kuingia jikoni kwangu. Wengine wangesema ni harufu nzuri, ya dawa na ya usafi. Mimi inanikasirisha. Hufunga dirisha kwa kishindo, kisha naona aibu, maana jirani hana kosa lolote. Kosa, kama lipo, lilitokea zamani na mbali na hapa, kijijini kwetu kando ya barabara kuu ya kwenda Muleba, nilipokuwa darasa la tatu. Hadi leo sijaamua lilikuwa la nani.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee na nilimsubiri mdogo wangu kwa hamu kubwa. Mama aliniruhusu kuweka mkono tumboni pake tunapomenya ndizi, na mara nyingine nilihisi teke, nikacheka. Siku ilipofika alipanda pikipiki kwenda kituo cha afya, baba akafuata kwa miguu na begi la nguo. Walikaa huko siku mbili. Waliporudi, mama alinipita pale mlangoni kama vile sikuwepo, akaingia chumbani. Bibi, mama yake baba, alinipa ndoo papo hapo akanituma kisimani. Niliporudi nilimkuta baba anaosha jembe. Nyuma ya nyumba, pale kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, ambapo migomba inakutana na mibuni, kulikuwa na udongo uliochimbuliwa. Nilidhani amepanda mgomba.

Nilimuuliza bibi mtoto yuko wapi. Alinijibu kwa Kihaya, neno ambalo kwa Kiswahili ni "amerudi."

"Amerudi wapi?"

"Alikotoka," akasema bibi. "Usimuulize mama yako. Unasikia?"

Nilisikia, na nikashika. Mtoto amerudi alikotoka, maana yake hajazaliwa bado. Ameahirisha safari, kama wageni wanavyofanya mvua ikiwa kubwa.

Hakukuwa na matanga. Alipofariki mzee wa nyumba ya pili, watu walilala kwake siku nyingi, moto unawaka uani, wanawake wanapika kwenye masufuria ya kuazima. Kwetu hakukuwaka moto wowote. Wanawake walikuja wawili wawili, wakaketi kwa muda mfupi, wakazungumzia mvua na ugonjwa wa mnyauko ulioingia kwenye migomba ya watu, wakaaga. Baba alishinda kibanjani akikata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa. Gauni la mama lilikuwa likilowa kifuani, nami nilidhani anamwagikiwa na maji anapokunywa. Chakula alikuwa hali. Jioni bibi alikuwa anarudisha sahani yake jikoni ikiwa vilevile.

Kisha alasiri moja akaja Mzee Gozibert, kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Alikaa barazani na baba, wakatafuna punje za kahawa, wakasalimiana kwa kirefu. Halafu akaeleza kilichomleta. Kuna watu wametoka Bukoba mjini kwa miguu, wakiongozwa na mwalimu mmoja, wanavuka nchi mpaka Dodoma. Watapita barabarani kwetu, na wanahitaji mahali pa kulala.

"Wanatembea kwa ajili gani?" baba akauliza.

"Wanawatetea watoto ambao hawajazaliwa," akasema Mzee Gozibert. "Wanataka kila mtu ajue kwamba yule mtoto aliye tumboni ni mtu."

Baba akasema nyumba yetu ni ndogo na Mzee mwenyewe anajua hali iliyopo. Mzee Gozibert alikubali haraka, kana kwamba alikuwa amekuja kukataliwa. Alipokuwa anainuka, sauti ya mama ikatoka ndani.

"Watalala hapa."

Wote wawili waligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga khanga kifuani. Tumbo lake lilikuwa bado halijashuka. "Waitu, waambie watalala kwangu," akamwambia Mzee Gozibert kwa neno letu la heshima. "Nitawapikia."

Kuanzia siku ile mama aliamka. Alipiga lipu mpya ya udongo kwenye ukuta wa jikoni, akafua mashuka, akaazima mikeka kwa majirani, akamtuma baba aende Kemondo, ziwani, kununua sato wakubwa. Alianza kula. Bibi alimtazama na kutikisa kichwa, lakini hakumzuia. Mimi nilikuwa na furaha kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata maana ya safari ile. Watu wanaowatetea watoto ambao hawajazaliwa lazima wawe wanajua walipo. Na mama alikuwa anakwenda kuwaomba wamrudishe wa kwetu. Nilikuwa na hakika, maana nilimsikia akijizoeza. Akimenya ndizi peke yake alikuwa ananong'ona, "Mwalimu, nina neno moja. Ni kuhusu mtoto." Anasita, anabadilisha, anaanza tena. "Mwalimu, samahani, nina neno moja."

Siku iliyopangwa hawakutokea. Tulikaa barabarani tangu mchana, mimi nikiwa nimevaa gauni la kanisani, mpaka mvua ikatufukuza. Mzee Gozibert alipiga simu, akaambiwa wamekwama nyuma huko, baadhi yao miguu imechubuka. Chakula tukagawia majirani. Siku ya pili mama akapika tena, na tena hawakuja. Samaki waliobaki wakaanza kunuka, baba akawatupa, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimfokea mama. "Unapikia watu usiowajua," akasema. "Unapika kama mtu aliyerukwa na akili." Mama alichukua panga, akaenda kukata mkungu mwingine.

Siku ya tatu alasiri wakaja. Tuliwasikia wakiimba kabla hatujawaona, kisha bango likachomoza kwenye kona, na nyuma yake watu wenye fulana nyeupe zilizorukiwa na matope mekundu. Tuliambiwa watakuja sita. Walikuwa kumi na mmoja. Kifuani mwa kila fulana kulikuwa na picha ya nyayo mbili ndogo za mtoto mchanga. Nilipoziona moyo wangu uliruka. Wamemwona, nilijiambia. Wamechora miguu yake.

Mama naye alikuwa anazitazama zile nyayo. Alimtazama mmoja, akahamia kwa mwingine, akasahau hata kuwakaribisha, mpaka bibi akafanya hivyo kwa niaba yake.

Kazi yangu ilikuwa beseni. Bibi alikuwa amechemsha mkaratusi na chumvi, nami nilizunguka nikiwapelekea wageni waloweke miguu. Sijawahi kuona miguu kama ile. Kucha zimekuwa nyeusi, visigino vimepasuka, malengelenge mengine yamefungwa kwa vitambaa vilivyoganda damu. Dada mmoja, aliyekuwa akibeba daftari la majina, alilia alipoingiza mguu majini, kisha akaniomba radhi kwa kulia. Nasema haya ili nisiwaonee. Watu wale hawakuwa wanacheza. Waliumia kweli, na waliamini walichokuwa wanakiumilia, na mengi waliyoyaamini na mimi nayaamini mpaka leo.

Kiongozi wao aliitwa Mwalimu Evodius, mtu mrefu mwenye sauti nzito na macho ya upole. Miguu yake ilikuwa kwenye beseni, simu sikioni, akipanga mambo ya Muleba kesho yake: uwanja, kipaza sauti, wageni rasmi. Mama alikuja akasimama karibu yake, akasubiri. Alipokata simu mama akasema, "Mwalimu, nina neno moja." Simu ikalia. Akainua kidole kumwomba asubiri, akapokea, na mama akarudi jikoni. Alikuja tena baada ya kugawa chakula. Mara hii Mwalimu alikuwa anaombwa na Mzee Gozibert awasalimie majirani waliojaa uani kabla jua halijazama.

Alizungumza vizuri. Alisema mtoto aliye tumboni ana sura yake na moyo unaodunda, na Mungu anamjua hata kama ulimwengu haumjui. Alisema hakuna hata mmoja aliye mdogo mno asihesabiwe. Mama alikuwa mbele kabisa, ameketi kwenye mkeka, hapepesi macho. Mwalimu alipomaliza watu walipiga makofi, na kabla hawajatawanyika mama alisimama.

"Mwalimu, nina neno moja. Ni kuhusu mtoto."

Na mkono wake ukaenda tumboni, kama ulivyozoea kwenda miezi yote ile.

Mwalimu aliuona ule mkono, akaliona na tumbo. Uso wake ulifunguka kwa furaha. "Jamani, njooni," akawaita wenzake. "Njooni muone. Tumepokewa na nyumba iliyobeba uhai. Mama huyu amesimama jikoni siku nzima kwa ajili yetu, naye amebeba." Watu wake walipiga vigelegele. Wakamzunguka mama, wakaimba, na Mwalimu akanyoosha mikono juu ya tumbo lake akaliombea, kwa maneno mengi mazuri, lizae salama.

Mzee Gozibert, aliyekuwa anajua, aliangalia viatu vyake. Majirani, waliokuwa wanajua, walinyamaza. Baba alitoka uani akaelekea kibanjani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuna hata mtu mzima mmoja aliyesema kitu. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu. Pengine kila mmoja alimsubiri mwenzake. Pengine waliona wamechelewa, kwa kuwa walikuwa wamelinyamazia kwa wiki tatu, na sasa lisingetamkika mbele ya wageni. Maombi yalipokwisha, mama alisema "Asante."

Mimi nilikuwa karibu kupasuka kwa furaha. Nilimkimbilia jikoni nikamshika gauni. "Mama, wamemleta tena."

"Wamemleta nani?"

"Mtoto. Alikuwa amerudi, na sasa wamemleta tena tumboni."

Alinitazama. "Nani alikuambia amerudi?"

"Bibi."

Aligeukia sahani aliyokuwa anaiosha. Aliiosha, akaisuuza, akaiosha tena.

Watembeaji waliondoka alfajiri. Tulipokuwa tunakunja mikeka, mama aliniambia nivae viatu. Ilikuwa Jumamosi. Baba alimkuta anafunga ndizi za kuchoma kwenye jani.

"Unakwenda wapi?"

"Nawafuata. Sijasema neno langu."

"Mama Koku, una wiki tatu tu. Hujapona."

"Miguu yangu ni mizima," mama akasema. "Koku anakuja na mimi."

Tulitembea. Mwanzoni nilirukaruka mbele yake, nikidhani tunakwenda kushukuru. Kisha jua likapanda na barabara ikawa inapanda na kushuka, na kila tulipouliza tuliambiwa wamepita sasa hivi. Mama muuza parachichi alisema sasa hivi. Vijana waliokuwa wanaosha pikipiki walisema sasa hivi. Tulipofika juu ya kilima na kuliona ziwa upande wa kushoto, na kisiwa cha Bumbire kikiwa kimelala mbali juu ya maji, niliona doa jeupe la fulana zao kwenye kilima cha mbele. Tulipofika kilima kile hawakuwepo. Mwenye bodaboda mmoja alimhurumia mama akataka kutubeba bure, mama akakataa. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini amekataa. Alisema bado hajapata maneno, na akipanda pikipiki atafika kabla ya kuyapata.

Muleba tuliwakuta uwanjani. Kulikuwa na turubai, viti vya wageni, na kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Yule dada wa daftari alitusimamisha.

"Mmeandikishwa? Kikundi gani?"

"Sina kikundi," mama akasema. "Nataka kuonana na Mwalimu."

"Subirini hapa."

Tulisubiri, tumesimama juani, hotuba moja baada ya nyingine. Viatu vyangu vilikuwa vimenichubua na nilikuwa nimeanza kumchukia kila mtu. Mwishowe Mwalimu Evodius alishuka jukwaani, akamwona mama, akaja kwa haraka.

"Mama yangu wa jana! Umetembea kote huku, na hali yako?"

"Sina hali yoyote," mama akasema. "Mtoto alikufa. Alizaliwa amekufa, wiki tatu zilizopita. Jana uliombea tumbo tupu."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha mdogo wangu, nimesimama kando ya spika, nimeshika ndizi mkononi.

Mwalimu aliweka mkono kichwani. "Nisamehe, mama. Sikujua."

"Najua hukujua. Sikuja kukulaumu. Nina swali. Hawa mnaotembea kwa ajili yao, na wangu yumo? Hakubatizwa. Hakupewa jina. Hakuliliwa hata na jirani. Naye yumo?"

"Yumo," akasema. "Bila shaka yumo, mama."

Jukwaani walikuwa wanamwita, mara ya pili, ya tatu. Macho yake yalikwenda huko, yakarudi kwetu, yakaenda tena. Lilikuwa jibu lilelile ambalo mama alitembea kutwa nzima kulitafuta, na alipewa, lakini alipewa na mtu aliyekwisha kugeuza bega. "Pole sana, mama," akasema. Kisha wazo likamjia, nikaliona likimjia usoni. "Unaweza kupanda useme haya? Dakika mbili tu. Yatawagusa watu."

"Nimeshayasema."

"Lakini hawakusikia."

"Nilikuwa nakuambia wewe," mama akasema.

Halafu mtu mmoja akamshika Mwalimu mkono akamvuta kwenda jukwaani. Ili nimtendee haki, niseme kwamba aligeuka mara moja kutuangalia.

Tulipotoka mjini nilikaa kwenye nyasi kando ya barabara nikakataa kwenda. "Mlisema alirudi," nikamwambia mama.

"Mimi sikusema."

"Bibi alisema. Na wewe ulinyamaza."

Mama aliketi kando yangu. "Ni kweli," akasema. "Nilinyamaza."

"Alikuwa mvulana?"

"Msichana."

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Kama zako."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Pale baba yako alipochimba."

Nikakumbuka ule udongo, na jinsi nilivyokuwa nikiuruka kwa mguu mmoja nikicheza, siku baada ya siku, nikishangaa mgomba mbona hauchipui. Nililia kwa sauti. Mama, ambaye sikuwa nimemwona akitoa chozi tangu arudi kutoka kituo cha afya, alianza taratibu, kisha akalia kuliko mimi. Mwanamke aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani alisimama.

"Kuna nini, waitu? Mmefiwa?"

Mama alifuta uso kwa khanga. "Ndiyo," akasema. "Tumefiwa."

"Nani?"

"Mwanangu."

Yule mwanamke aliutua mkungu wake, akaketi nasi kwenye nyasi, miguu ameinyoosha. Hakusema mengi. Alisema poleni, akauliza mtoto alikuwa wa umri gani, akaambiwa, akasema poleni tena. Alipoondoka mama alimsaidia kuutwika mkungu. Hatukumuuliza jina.

Lori la ndizi lilitubeba sehemu iliyobaki. Baba alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi, lakini jembe lake lilikuwa kavu.

"Mmempata?" akauliza.

"Tumempata."

"Amesema nini?"

"Amesema pole."

Baba aliinamisha kichwa. Akakwangua ukuta kwa kidole. "Hata mimi sijakuambia," akasema.

"Niambie kesho, Baba Koku," mama akasema. "Leo nimechoka kuambiwa."

Alimpita akaingia chumbani, akafunga mlango. Baba alibaki amesimama mbele ya mlango ule. Kisha akalisema lile neno, mara moja, polepole, kwa mbao za mlango. Mimi ndiye niliyelisikia.